Mtindi kwenye kabati la joto

Ni wiki tatu sasa tangu nirudishe ufunguo wa maabara, na vijana niliowaacha wameniomba niwaandikie kitu. Nadhani walitaka hotuba. Hotuba nimeshaisikiliza siku ya kuagwa. Ilikuwa ndefu, na keki ilikuwa ndogo. Ya vyeo sina la kusema, maana vingi vilinipita nikiwa nimeinama. Nitawaandikia kazi, na hasa habari ya majira yale ya baridi ambayo Espérance alikaribia kuondolewa kwenye meza ya maabara kwa kosa ambalo hakulifanya. Aliyelifanya ni mimi. Najua mmekuwa mkinong'ona, basi leo msome kwa mwandiko wa mshitakiwa mwenyewe.

Nilianza kazi pale pale Shaw, hapa Washington, ghorofa ya pili, juu ya mgahawa wa Kihabeshi ambao saa nne asubuhi tu umeshaanza kukaanga vitunguu na kututia njaa hadi mchana. Nilikuwa na diploma ya maabara niliyoipata Moshi, Kiingereza cha vitabuni, na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga theluji. Nilidhani nimekuja kutafuta dawa. Siku ya kwanza nikapewa maji ya bluu.

Aliyenipa ni Bwana Ouma, fundi mkuu wa wakati huo, Mkenya wa Kisumu, mtu wa miwani miwili: mmoja wa kusomea na mwingine wa kukutazamia ukikosea. Alinikuta nimeshika pipeti, kile kifaa cha kunyonyea matone, kwa ngumi nzima.

"Mama Neema, hiyo si kijiko ya supu," akaniambia. "Shika poa. Push mpaka i-stop, halafu achilia pole pole. Ukiharakisha inameza hewa, na hewa haiui kitu."

Kwa wiki mbili nilihamisha maji ya bluu kutoka kwenye chupa kwenda kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, kila kimoja kikubwa kama punje ya hindi. Jioni Ouma aliinyanyua sahani dirishani, akakitafuta kishimo kilichopauka kuliko wenzake, akakigusa kwa kalamu. "Hapa ulikuwa unapiga story na nani?" Na kweli, hapo ndipo niliposimama kumjibu mtu aliyeniuliza kama nakula nyama. Tangu hapo sisemi na mtu nikiwa na pipeti mkononi. Wale mlioniona nina maringo, sababu ndiyo hiyo, ingawa na maringo yalikuwepo kidogo.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Protini ya maziwa ni kama uzi mrefu wa shanga. Uzi mzima haumtishi bakteria. Anaweza hata kuugeuza chakula. Lakini ukiukata mahali panapofaa, kipande kifupi unachopata, ambacho sisi tunakiita peptidi, kinaweza kumng'ang'ania bakteria kwenye ngozi na kumtoboa. Ukishakipata kipande cha namna hiyo unakaa nacho kwenye kompyuta. Unabadilisha ushanga huu, unaongeza ule wenye chaji chanya, unaiagiza mashine ikiunge upya, kisha unakijaribu. Mara nyingi kinakuwa hakina faida yoyote, na unaanza tena baada ya chai.

Majina rasmi ya peptidi ni marefu na yanafanana, kwa hiyo mimi na Ouma tulizipa majina ya ndugu. Mmoja wa ndugu hao mlimwona kwenye madaftari ya zamani mkashangaa: Shangazi. Niliichora mwenyewe kutoka kwenye protini ya maziwa iitwayo laktoferini, na iliua kila bakteria tuliyemleta mbele yake. Nilitembea kifua mbele siku mbili. Siku ya tatu tukaimwagia chembe nyekundu za damu, nazo ikazipasua zote. Shangazi yangu halisi alikuwa vile vile: ukimwita aje kumwonya mtu mmoja, nyumba nzima inalia. Bosi wetu aliandika kwenye ripoti kwamba Shangazi amefikia mwisho, bila kujua maana ya jina hilo, na kwenye mkutano mmoja ofisa wa ubalozi wetu alinivuta pembeni kuniuliza kwa upole huyo shangazi alikufa kwa nini.

Jambo jingine alilonifundisha Ouma ni kutoiamini plastiki. Peptidi zetu nyingi zina chaji chanya, na zinagandia kuta za plastiki ya kawaida kuliko zinavyomgandia bakteria. Mwezi mzima niliomboleza peptidi moja niliyodhani imepoteza nguvu, kumbe ilikuwa imejibandika kwenye kuta za mirija na kuniachia maji matupu. Kabla hujaiandikia peptidi cheti cha kifo, uliza kwanza ilihifadhiwa kwenye nini. Hili ni la bure, lishikeni.

Bosi niliyemtaja ni Daktari Miriam. Wengi wenu mmemkuta ameshazeeka na kuwa mpole. Wakati ule alikuwa mrefu, mwembamba, mkali wa maandishi. Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kule kaskazini, akakua akikamua kabla ya kwenda shule, na alikuwa na sheria moja kuu: kila chupa iwe na utepe, na kila utepe uwe na herufi, namba, tarehe na jina fupi la mwenyewe. Chupa isiyo na utepe ilimwagwa palepale. Kila Alhamisi alipita kukagua, mikono nyuma.

Sasa tunaingia kwenye dhambi zangu. Niliishi Falls Church, ng'ambo ya mto kule Virginia, kwenye jengo ambalo joto lake liliendeshwa na mwenye nyumba ambaye naamini alikuwa akiishi Florida. Maziwa ya kugandisha yanataka uvuguvugu usiobadilika, na jikoni kwangu wakati wa baridi hata mimi sikuganda wala kuyeyuka, nilikuwa katikati. Huku maabara kulikuwa na kabati la joto, nyuzi thelathini na saba usiku na mchana, lililotumika kwa maziwa tu. Bakteria wa majaribio walikuwa na kabati lao chumba kingine. Hilo nawahakikishia, na nawaomba wale wote mliosifia mtindi wangu kwenye sherehe za Watanzania kwa miaka miwili mtulize matumbo yenu. Nilichemsha maziwa nyumbani, nikayatia kwenye chupa mpya ya maabara yenye kifuniko cha bluu, nikaongeza kijiko cha mtindi wa zamani, nikayalaza rafu ya chini kwa nyuma. Kesho yake jioni nayabeba. Hakuna aliyejua.

Ukaja mwaka wangu wa kumi na tisa, na Espérance. Ouma alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao, na meza yake nilikuwa nimeirithi mimi. Espérance ni Mkongo wa Uvira, wakati huo ana miaka thelathini na sita. Alihudumia wazee majumbani kwa miaka mingi huku akisoma jioni, na sisi tulimwajiri kwanza kwenye chumba cha kuosha vyombo. Miriam alimwona akisoma daftari la majaribio wakati wa mapumziko, akampa meza kwa majaribio ya siku tisini. Akishindwa, anarudi kwenye sinki. Alikuja kwa treni kutoka Columbia Heights, vituo viwili tu, na kila asubuhi alifika kabla yangu mimi niliyekwama barabarani na gari.

"Mama Neema," aliniambia siku ya kwanza, "kule kwenye kuosha ni muzuri, siseme vibaya. Mais, lakini miye sirudie kule."

Nikamwambia harudi nikiwepo mimi. Nilimpa maji ya bluu.

Mwezi wa tatu wake tulikuwa tunatafuta mahali papya pa kuanzia. Tulitia maziwa kwenye chupa, kila moja na kimeng'enya chake cha kukatia protini, tukazilaza kabatini, halafu tuone maji ya chupa ipi yanamzuia bakteria mmoja sugu wa vidonda. Chupa hizo tuliziita K. Zilikuwa kumi na tatu, nyingine zimeganda, nyingine zimekatika, zote zina harufu. Wiki hiyo hiyo rafiki yangu wa Columbia Heights alikuwa na ubatizo wa mjukuu, na mtindi ulikuwa juu yangu. Shida ni kwamba Alhamisi ya ukaguzi ilinikuta na chupa yangu ndani ya kabati, haina utepe. Nikasikia viatu vya Miriam kwenye korido. Nikakata utepe, nikaandika K-14, tarehe, na jina langu fupi. Akapita, akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Ijumaa nilikuwa na ruhusa, nikapika. Jioni nilipokwenda kuchukua mtindi nikaikuta chupa kwenye kikaushio, imeoshwa, inang'aa, miguu juu. Nikafikiri imemwagwa. Wageni niliwaambia maziwa ya Marekani yamegoma, na wote wakakubali upesi sana.

Jumatatu nikasikia kelele kutoka ngazini. Sahani ya Espérance ilikuwa mezani, na Miriam aliizunguka kama mtu aliyeona pete yake iliyopotea. Bakteria wakiwa hai kishimo huwa na ukungu. Vishimo vya K-1 hadi K-13 vilikuwa na ukungu wa kutosha. Safu ya K-14 ilikuwa safi, unaweza kusomea gazeti.

"Nilifwata namba zote, Mama," Espérance akaniambia, machozi ya furaha yanamtoka. "Daktari alisema nimalize K zote. Nika-spin, nikatoa maji ya juu, nika-test. Ya kumi na ine njo imewaua bote!"

Nilijua hapo hapo K-14 ni nini. Nilipanga kusema baada ya chai. Wakati wa chai Espérance alikuwa anampigia mama yake Uvira, na kwaya yao yote ilikuwa imeshatumiwa picha ya sahani. Nikapanga kusema kesho. Kesho Miriam akanunua maua.

Kisha akaja Espérance na daftari, kalamu mkononi. "Mama Neema, K-14 muliweka kimeng'enya gani? Sioni kwa daftari."

Hapo mlango ulikuwa wazi, ningeweza kutoka. Badala yake nikasema, "Ni kama K-13, ila niliiacha muda mrefu zaidi." Sauti yangu ilitulia kabisa, nami nikashangaa inavyotulia.

Akaitengeneza upya kwa maelezo yangu. Ukungu mtupu. Akarudia, ukungu. Mara ya tatu Miriam alisimama nyuma yake akihesabu kila tone, na ukungu ukaja vile vile. Kilichobaki cha chupa ya kwanza kilikuwa kwenye friza, matone machache, na hayo yaliendelea kuua, kwa hiyo mtu yeyote mwenye akili angefikia aliyoyafikia Miriam: kwamba siku ile msichana mgeni alichanganya vitu, pengine sabuni ya kule sinki, na hakuandika. Siku tisini zilikuwa zinaisha Ijumaa. Miriam akasema atamrudisha kuosha vyombo.

Alhamisi Espérance alinikuta kwenye korido karibu na makoti. Alikuwa amelia hadi kope zimevimba. Alininyooshea mikono yake, viganja juu.

"Mama, ni mikono yangu?"

Nikamwambia, "Kila mtu hukosea, mdogo wangu." Nikampigapiga begani. Nimeandika mengi humu kwa kucheka, ila hili siwezi. Nilimpigapiga begani kabisa, kama mama mkwe mwema.

Njiani kuelekea nyumbani nikapitiliza kwangu, nikaenda hadi barabara ya mzunguko, nikazunguka nayo hadi nikaona kibao cha Maryland mara ya pili. Nilijiuliza ningefanya kazi gani katika umri ule, na viza ya kubaki ningeiomba kwa nani. Nilipofika nyumbani nilichukua chupa ya mtindi wa siku nne, niliougandisha chini ya blanketi, juu ya redieta mbovu, kile chuma cha kupashia nyumba joto. Asubuhi nikaiweka kwenye meza ya Miriam.

"Hii ni K-14," nikamwambia.

Aliifungua, akanusa. Mtoto wa shamba la ng'ombe hadanganyiki.

"Haya ni maziwa."

"Ndiyo."

"Ya kunywa."

"Ya ubatizo," nikasema, kana kwamba ubatizo ungenisaidia.

Nikamweleza yote, kabati, utepe, viatu vyake kwenye korido. Akauliza mara ngapi. Nikamwambia tangu Krismasi ya mwaka juzi. Akauliza kama watu walikunywa. Nikamwambia walisifia. Akajifunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakimtikisika, na sikuweza kujua kama anacheka. Alipoviondoa alikuwa hacheki.

"Espérance alikuwa analia," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Akamwita Espérance ndani, akanitaka niyarudie yote mbele yake, tangu mwanzo. Espérance alisikiliza akiwa amesimama, akasema "Asante, Daktari," akatoka.

Hukumu ilikuwa hivi. Barua ya onyo, ambayo iko kwenye faili langu na mnaweza kuisoma, ina makosa mawili ya herufi. Espérance akae kwenye meza. Mimi niende kuosha vyombo hadi majira ya kuchipua, na kabati liwekewe kufuli. Miriam alisema angeweza kunisamehe maziwa kwa kuwa hata yeye amewahi kugandisha maziwa mahali pasipofaa, ila utepe wa uongo hakuwa na pa kuuweka.

Kuhusu mtindi wenyewe, msivimbe vichwa. Espérance aliuzungusha kwenye mashine, akachukua maji yake, akayaondolea uchachu hadi karatasi ya kupimia ikasema hakuna asidi, akajaribu tena. Karibu uwezo wote wa kuua ukaondoka. Asidi tupu, kama siki. Mimi nilikuwa nachungulia kwenye kioo cha mlango nikiwa na aproni, na siwafichi, nilisikitika. Lakini kishimo kimoja, cha kwanza kabisa, hakikuwa na ukungu wa kutosha. Angekuwa mtu mwingine angeandika "hakuna" akaenda kula. Yeye alikifuata kile kishimo kwa miezi minne hadi akakuta kipande kifupi cha kaseini, protini kuu ya maziwa, kilichokatwa na bakteria wapole wa mtindi wenyewe. Peptidi zote mnazozichora leo zenye jina la E zimetokana nacho. Hazijawa dawa, na huenda zisiwe, ila hazipasui damu.

Siku moja, mwezi wa pili wa kifungo changu, alikuja sinki na trei ya chupa chafu. Tulikuwa tunasalimiana tu, shikamoo na marahaba, basi. Akaweka trei chini, hakuondoka.

"Mama Neema, nikuulize?"

"Uliza, mdogo wangu."

"Ile siku ya korido, nilikuonesha mikono. Mulijua ni maziwa yenu?"

"Nilijua."

Akaitikia kwa kichwa pole pole, kama mtu anayeandika jibu alilokuwa analijua tayari.

"Miye nilinusa ile chupa," akasema. "Nilipoifungua tu. Mama yangu aligandisha maziwa kila siku, ile harufu siwezi kuisahau. Nikasema, ee, hii ni maziwa ya kuganda. Kisha nikasoma maandishi yenu. Nikasema, Mama Neema hawezi andika uongo. Basi pua yangu njo inakosea."

Nilikuwa na glavu za mpira hadi kwenye viwiko, zimejaa povu, nikashindwa hata kujifuta macho. Nikamwomba msamaha. Akasema atajaribu. Akahesabu chupa safi alizozifuata, akaziweka kwenye trei, akaenda zake.

Niliporudi mezani wakati wa kuchipua, aliweka utaratibu wake. Hakufungua chupa yangu hata moja bila kunipigia simu kwanza, na hakujali kwamba nimekaa mbele yake hatua mbili. Simu ingelia mfukoni. "Mama Neema, hii P-6 ni nini?" Nami ningevua glavu, nikapokea, nikamtazama machoni na kumwambia ni nini, lini, na kimeng'enya gani. Wageni walidhani ni sheria ya maabara. Alifanya hivyo miaka minane, na mimi nilipokea miaka minane.

Siku yangu ya mwisho, kabla ya ile hotuba, nilikuwa na chupa moja tu kabatini. Akaitoa, akaigeuza, akasoma utepe. Nilikuwa nimeshavua glavu ya mkono wa kulia, nangoja simu ilie. Haikulia. Akazungusha kifuniko, akafungua. Ila alinusa kwanza, na kwa hilo simlaumu.